Kitambaa Chini ya Sinia

Picha ilifunguka kabla sijamaliza kuvaa miwani, nikajua papo hapo kwamba imetoka Malaba. Ilikuwa picha ya samaki mzima juu ya sinia la bluu, kando yake tonge kubwa la atap, ule ugali mweusi wa wimbi na muhogo ambao Mteso hawezi kuuacha hata umpe wali wa pilau, na chini yake maneno ya Amoit: "Anti Ajiambo, Mama anaacha jiko Jumamosi. Amesema usipokuja atakufuata Kisumu na mwiko." Nilicheka peke yangu ofisini mpaka vijana ninaofanya nao kazi wakainua vichwa. Hao vijana wananiita Mama Punguza, kwa sababu hakuna tovuti inayopita mezani kwangu bila mimi kukagua picha zake na kuuliza kila moja inabeba nini ambacho haikihitaji. Wao wana programu zinazopunguza picha zenyewe, bila mtu kugusa, na huniona kama mwanamke anayechekecha unga uliokwisha kuchekechwa. Siwalaumu. Hawakuwahi kuishi mwaka mzima nyuma ya jiko la Mama Amoit.

Mwaka ninaousema ni ule ambao barabara ya Malaba ilipanuliwa. Kabla ya hapo nilikuwa nikifanya kazi kwenye sayba moja ya Burumba, kule Busia, chumba chenye kompyuta chache na feni iliyojua kelele kuliko upepo. Mwenyewe alikigeuza kuwa duka la mitumba siku alipotambua kwamba kila mteja ana intaneti mfukoni. Barasa ndiye aliyeniokoa. Alikuwa mpiga picha wa harusi na matanga, mtu mrefu wa kutoka Marachi aliyekuwa akija pale sayba kuchapisha kazi zake, na siku hiyo alinikuta nimeketi juu ya sanduku la kompyuta aliyoniachia bosi. Akaniambia, "Dada, Malaba kuna chumba. Na huko nyuma ya hiyo chumba kuna chakula. Unataka nini ingine?" Studio yake ilikuwa hukohuko, mlango wa pili kutoka hoteli ya Mama Amoit, yenye ukuta uliochorwa maporomoko ya maji na ndege inayopaa juu yake, ili mtu apigwe picha kana kwamba amesafiri. Nilihamia Malaba na godoro, kompyuta, na sufuria moja ambayo sikuitia maji mwaka ule wote.

Chumba changu na jiko la Mama Amoit vilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo saa nilizijua kwa pua. Mandazi yalinitoa kitandani. Kunde zilipoanza kuchanganywa na karanga na simsim zilizosagwa nilijua jua limefika utosini, na samaki kutoka Osieko alipotupwa kwenye mafuta, nilizima kompyuta hata kama kazi haijaisha. Kupitia mbao zile nilisikia pia maneno ya madereva, watu wa Mombasa, Kampala, Kigali, kila mmoja na Kiswahili chake, wakilalamikia foleni. Mmoja alisema lori lake limelala Malaba kuliko alivyolala yeye kwake. Mwingine akamjibu kwamba hata mke wake siku hizi akimpigia simu anauliza kwanza hali ya Mama Amoit. Na Mama mwenyewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani, alikuwa akipita katikati yao akiwapangia meza, akiwagombeza kwa kutonawa, akiwaongezea mboga wasiyoiomba. Mimi nilikuwa msichana niliyedhani maisha yako Nairobi na kwamba Malaba ni mahali pa kupita tu, kama alivyofanya kila mtu. Nilianza kupapenda kupitia ule ukuta, kabla sijakubali kwamba nimepapenda.

Shida ilikuwa barabara. Hoteli ilikuwa imesimama miaka mingi pembeni kabisa, na Mama Amoit alikuwa na namna yake ya kuuza: lori likisimama, anafunua sufuria. Basi. Mvuke ukipanda hadi dirishani kwa dereva, dereva anashuka mwenyewe. Lakini barabara ilipopanuliwa vibanda vyote viliambiwa virudi nyuma, na yeye akajikuta amejengewa mbele ukuta mrefu wa ghala la mtu. Alifunua sufuria, na mvuke ukapanda kwa mbuzi waliokuwa wakilala kivulini mwa ukuta ule. Madereva wa zamani walitafuta njia wakamfikia, ila wengi walikula biskuti ndani ya malori yao wakidhani ameondoka. Mchana mmoja nikiwa chumbani na sahani yangu nilimsikia akimwambia Barasa, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Hii mvua ikiisha na mambo iko tu hivi, mimi nafunga. Amoit atatoka bodingi akuje tulime." Amoit alikuwa binti yake wa pekee, kidato cha pili, mtoto aliyeandika barua za nyumbani kwa hati nzuri mpaka mama yake akawa akiwasomea wateja. Nilimwonea uchungu Mama, nikamwonea na yule mtoto ambaye nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya kufunga shule, akila atap amesimama kwa furaha ya kuwa nyumbani.

Nilitoka nikawakuta pale mekoni, nikasema jambo ambalo lingeweza kusemwa tu na mtu mwenye kompyuta na asiye na kazi. Nikasema tutengeneze tovuti. Dereva aliye kwenye foleni ataiona menyu kwenye simu yake, atapiga, nasi tutampelekea chakula hadi mlangoni mwa lori. Barasa akacheka. "Chema chajiuza," akasema, "kibaya chajitembeza." Mama Amoit akamgeukia na mwiko wake. "Chema chajiuza kama kinaonekana, Barasa. Mimi mteja wangu sasa ni ukuta. Ajiambo, hiyo kitu inaweza onyesha mvuke?" Nikamwambia inaweza onyesha sahani. Akafikiri, akasema basi sahani zitatosha, lakini zipangwe vizuri, maana hawezi kuaibishwa mbele ya watu wa nchi nne.

Siku ya kupiga picha Barasa alivaa koti la harusi. Mama Amoit naye alitoa vitambaa vyake. Nisipovieleza vitambaa hivyo sitakuwa nimeeleza kitu. Nyumba yoyote ya kwetu yenye heshima ina vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa kroshia, vya kufunika viti, meza, redio, hata chupa ya chai, na mgeni akiwekewa sahani juu ya meza tupu atakula, atashukuru, kisha atakwenda kusimulia. Mama Amoit alifuma vyake mwenyewe kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa, maua ndani ya maua, matundu ndani ya matundu, na kila dereva aliyeketi kwake, hata mwenye grisi hadi viwikoni, aliwekewa kitambaa safi chini ya sahani. Ndivyo alivyokuwa akiwaambia kwamba wamefika kwa mtu. Basi siku hiyo kila chakula kilipigwa picha juu ya kitambaa, na Barasa, aliyefundishwa na harusi kwamba hakuna kitu cha kuachwa nje, akarudi nyuma mpaka akaingiza meza nzima, viti, ukuta na kalenda. Alinikabidhi picha kwa mikono miwili. "Hizi ni nzito, dada," akasema kwa fahari. "Picha moja peke yake inaweza chapishwa ikafunika ukuta wa ghala." Nikazipandisha kwenye tovuti jinsi zilivyokuwa, tukaandika anwani kwenye vibao, na Barasa akavitundika kando ya foleni kuelekea Amagoro. Kisha tukakaa kusubiri simu ilie.

Simu haikulia. Mama Amoit aliiweka karibu na jiko, akaifuta mafuta, akaiangalia kama mtu anavyomwangalia kuku aliyegoma kutaga. Jibu lililetwa na Ssalongo, dereva Mganda mwenye tumbo la furaha, baba wa mapacha, mteja wa miaka mingi aliyekuwa anajua njia ya kuzunguka ghala. Aliingia akiwa amekasirika kwa utani, akatupa simu yake mezani. "Nyabo Ajiambo," akasema, "mimi nimefungua hiyo kitu yako kule mwisho wa foleni. Nikaona ukuta. Nikangoja. Nikaona kalenda. Nikangoja tena. Banange, nikaona kichwa ya kiti! Foleni ikasonga, nikasonga na yeye, nikafika hapa geti. Mpaka sasa chakula sijaona." Mama Amoit alicheka hadi akajishika ukuta, ila mimi uso uliniwaka. Picha zile zilikuwa zikishuka kutoka juu mstari kwa mstari, na juu Barasa alikuwa ameweka ukuta. Juu ya hayo, netiwaki yenyewe ya mpakani ilikuwa ya kugombaniwa. Ukikaribia mto simu inakukaribisha Uganda na hata mguu hujalowesha, na laini ya Ssalongo ikiwa upande huu ilikuwa ikihangaika kama mgeni asiyejua choo kiko wapi. Barasa alijaribu kututetea. "Haraka haraka haina baraka," akasema. Ssalongo akamtazama. "Wewe umeshiba," akamjibu.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kazi yangu, ingawa sikujua kwamba ni kazi. Kwanza nilikata ukuta na kalenda, na Barasa akageuza uso kama anayechinjiwa mbuzi wake. Kisha nikapunguza upana wa picha, maana ya nini kumtumia mtu picha ya kufunika ghala ilhali simu yake inatosha kiganjani? Zikawa nyepesi mara nyingi kuliko mwanzo, na tukashangilia, lakini Ssalongo alipojaribu safari iliyofuata akasema sasa ameona viti vya pande zote, chakula bado kiko njiani. Nikashika ile sehemu ya programu inayopunguza ubora, nikaisukuma chini, chini zaidi, nikiwa na furaha ya mtu anayeona namba zikishuka. Nikamwita Mama Amoit aone. Aliinama mbele ya kompyuta muda mrefu. Kunde zake zilikuwa zimegeuka vipande vya mraba vya kijani kichafu, na samaki alikuwa na ukurutu. "Ajiambo," akasema polepole, "hii ni mboga ama ni simiti?" Nikasema ni mboga. "Basi hata mimi siwezi kula," akasema, akarudi jikoni. Nilirudisha ubora juu, na uzito ukarudi nao. Mvua ilikuwa imeanza kupungua wakati huo, na kila asubuhi nilipoona anga limetakata nilikasirika nalo.

Ufumbuzi ulitokea kwa sababu ya kuchoka. Mimi na Barasa tulikuwa chumbani kwangu tukila maharagwe kwa chapati, na kwenye kompyuta nilikuwa nimepanga mafaili kuanzia zito hadi jepesi, bila nia yoyote, ila kuyalaumu. Barasa akanyoosha kidole chenye mchuzi. "Hiyo ya chini kabisa ni gani?" Nikaifungua. Ilikuwa picha ambayo haikukusudiwa: alikuwa amejaribu mwanga jikoni kabla ya kuanza kazi, akapiga atap ikiwa juu ya sinia la bluu la kuchambulia maharagwe, sinia tupu lisilo na ua wala mstari. Atap ilionekana mpaka alama za mwiko. Na faili lilikuwa jepesi ajabu, chini ya nusu ya mengine yote, kwa upana uleule na ubora uleule. Tukafungua moja zito, tukafungua lile jepesi, tukarudia. Barasa ndiye aliyeacha kutafuna kwanza. "Ni kitambaa," akasema. Na kweli kilikuwa kitambaa. Kompyuta huhifadhi picha kama mtu anayesimulia: sehemu iliyo shwari anaisema kwa neno moja, bluu, bluu tu, akapita, lakini kitambaa cha kroshia hawezi kukisema kwa neno moja, lazima asimulie kila uzi na kila tundu, na chakula kinasubiri amalize. Vitambaa vya Mama Amoit vilikuwa vikila safari yote ya chakula chake. Tulipigana viganja kwa furaha, kisha tukatazamana, kwa sababu sote wawili tulikumbuka wakati mmoja kwamba kuna mtu wa kwenda kumwambia.

Tulimwambia pamoja, Barasa akiwa nyuma yangu, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mrefu. Mama Amoit alisikiliza akichochea uji. Nilipomaliza kueleza aliweka mwiko chini. "Mnataka niwekee mgeni chakula kwa meza uchi." Nikasema si mgeni, ni picha tu. "Sasa yeye anajuaje ni picha tu? Yeye anaona meza yangu. Mtu ametoka Mombasa, hajui mimi, hajui mama yangu alinifunza nini, kitu ya kwanza anaona ni Mama Amoit wa Malaba hana kitambaa. Heri nifunge nikiwa na jina." Nikamwambia, Mama, bila hivyo hawataiona meza kabisa, wanaona kipande cha kiti halafu wanapita. Nikamtaja Amoit. Hapo akachukua kikapu cha vitambaa, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Siku hiyo na iliyofuata alituhudumia bila neno, na chai yake haikuwa na tangawizi. Barasa alisema afadhali angetupiga. Nami nilijifunza jambo ambalo hakuna chuo kilichoniambia, kwamba kuna vitu ambavyo kompyuta inaviona ni mzigo, na mwenyewe anaviona ndio usafiri wote.

Asubuhi iliyofuata aligonga ukuta wa mbao kwa mwiko. "Ajiambo! Amsha huyo mtu wa koti." Tulipofika jikoni, meza ilikuwa imeoshwa, na juu yake alikuwa ametandika kitambaa kizuri kuliko vyote, kile cha waridi pembeni ambacho alikuwa akikitoa kwa ajili ya padri peke yake. Nikaanza kuvunjika moyo. Lakini akachukua sinia la bluu akaliweka juu yake, taratibu, akakunja ncha za kitambaa zikaingia zote chini, mpaka haukubaki hata uzi mmoja wa kuonekana. Juu ya sinia akaweka sahani ya samaki. "Piga," akasema. Barasa akaangalia ndani ya kamera, akainua uso. "Mama, sasa hiyo kitambaa ni ya nini? Haionekani." Mama Amoit akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama bwana harusi asiyejua kufunga tai. "Mgeni haoni," akasema. "Mimi naona." Sinia likawa ndilo meza ya kila chakula, kitambaa kikihamishwa nalo chini kwa chini, kunde, kuku, chapati, mandazi, kila kimoja kiliheshimiwa kwa siri. Tulicheka asubuhi nzima. Chai ilikuwa na tangawizi tena.

Nilizipunguza picha zile kwa mkono uliotulia. Upana wa simu, ubora wa wastani, bluu tupu pande zote, na zikatoka zimepauka kidogo tu, kwa namna ambayo mtu mwenye njaa hawezi kuigundua. Ssalongo alikuwa anatoka Mombasa. Tulijua yuko njiani, kwa hiyo Mama Amoit akaiweka simu yake katikati ya meza, juu ya kitambaa, kila mtu akajifanya ana shughuli nyingine. Iliponguruma niliinyakua mimi. Kabla sijasema hata halo, yeye alikuwa ameshaanza kupiga kelele. "Nyabo! Nimeona samaki! Nimeona mpaka jicho! Hata lori ya mbele haijawasha injini, mimi nimeshaona samaki!" Akaagiza samaki na atap, kisha nikasikia sauti nyingine nyuma yake, dereva wa lori la nyuma alikuwa amepanda dirishani kuchungulia, naye akataka kuku, na wa tatu akauliza kama kunde zina karanga. Mama Amoit alinipokonya simu akawa anaagizwa moja kwa moja, akijibu, "Ndio baba, iko. Ndio mzee, moto kabisa. Wewe ni wa nchi gani? Karibu," huku machozi yakimshuka na mkono mwingine ukifunua sufuria kwa mazoea, mvuke ukipanda kwa mbuzi.

Tulibeba chakula kwenye hotipoti ndani ya kikapu, mimi na Barasa tukifuata ukingo wa barabara mpya, na malori yalikuwa yamesimama mpaka macho yanapoishia. Ssalongo alikuwa ameketi juu ya ngazi ya lori akitupungia kofia. Nilipofunua kikapu ili nimpe sahani yake, juu kabisa kulikuwa na vitambaa vimekunjwa, kimoja kwa kila mtu. Mama Amoit alikuwa amevitia bila kutuambia. Ssalongo alitandika chake juu ya goti lenye grisi, akaweka sahani, akala. Alikula bila kusema kitu, na kwa Ssalongo hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko maneno. Baada ya hapo habari ilisafiri yenyewe kutoka dirisha hadi dirisha, na mvua ilipokatika kabisa hakuna aliyezungumza habari ya kufunga. Mama alilazimika kuweka meko ya pili. Siku ya kufungua shule alimsindikiza Amoit na mkoba wa mandazi kwa darasa zima, akarudi akiimba. Kabla mwaka haujaisha mwenye duka la vipuri kule Busia alikuja kuniuliza kama ni mimi niliyefanya simu zifungue haraka, naye Barasa akamwambia ni sisi. Kazi ikatoka hapo ikanipeleka Kisumu, na sijawahi kuiacha. Watu walidhani mimi na Barasa tutaoana. Barasa alikuwa ameshaoa kamera.

Jumamosi nilikwenda. Barasa alikuwepo, nywele zimekuwa nyeupe, koti lilelile, na alinionyesha picha kwenye simu yake nikangoja mpaka mikono ikaniuma. Hajabadilika, yeye bado anapenda nzito. Ssalongo aliacha kuendesha malori siku nyingi, lakini alivuka mpaka na mapacha wake, wanaume wenye ndevu, ili wamwone mwanamke aliyemlisha baba yao. Mama Amoit alikaa kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa, amevaa gomesi ya manjano, amekatazwa kugusa chochote, na mwiko akauweka mapajani hata hivyo. Alisali, akashukuru, akamkabidhi Amoit ule mwiko mbele yetu sote, na akasema "Eyalama", yaani asante, kwa Kiteso chake mara nyingi mpaka sauti ikakatika. Nililia bila aibu. Yule mtoto tuliyehofia mwaka ule kwamba ataacha shule alikuwa amesimama mbele yangu akiwa na aproni, mwanamke mzima, mwenye cheti chake cha chuo ukutani na wapishi wanaomwita bosi.

Kabla hatujala Amoit akasema tusiguse, anataka picha ya menyu mpya. Nikamfuata jikoni, kwa sababu za kikazi, nikajiambia. Ana simu nzuri, na simu za siku hizi hujua kupunguza bila kufundishwa. Nikamwona akifuta meza. Akafungua droo, akatoa kitambaa cha kroshia chenye waridi pembeni, kimekuwa rangi ya maziwa kwa kufuliwa, akakitandika vizuri. Akaweka sinia la bluu juu yake. Akakunja ncha, moja baada ya nyingine, zikapotea zote. Akaweka samaki, akapiga.

"Amoit," nikamwuliza, "hicho kitambaa ni cha nini? Si hakionekani."

Akanishangaa. "Anti, si ni wewe ulifunza Mama? Hiyo ndio inafanya picha inakuwa nyepesi. Kuna siku nilisahau kuiweka, tovuti ikakwama siku mzima. Madereva wakanipigia kelele."

Nikageuka. Kupitia mlango wazi Mama Amoit alikuwa akitusikiliza, na nilipomtazama akawa ghafla na shughuli nyingi na kikombe chake cha chai, mabega yakimtikisika. Miaka yote hii nimewafundisha vijana kwa nini picha huwa nzito na kwa nini huwa nyepesi, na maelezo yalikuwa yamenijaa mdomoni, uzi kwa uzi, tundu kwa tundu. Nikayameza yote.

"Ndiyo hiyo," nikamwambia. "Usiisahau tena."